Kijana wa Mbezi juu ya mbuzi ya nazi

"Shikamoo mwalimu. Nina binti wa miaka 15, yuko kidato cha pili, shule ya kutwa hapa Tanga mjini. Wiki iliyopita nilitoa vitu kwenye begi lake ili nilifue, nikakuta kaunta buku limejaa maandishi ya mkono mwanzo mpaka mwisho. Si noti za shule. Ni hadithi ya mapenzi iliyonakiliwa kutoka kwenye simu, miandiko mitatu tofauti. Msichana ana miaka 16, Mwislamu, mama yake anapika vitumbua Mbagala. Kijana ana miaka 17, Mkristo, kwao Mbezi Beach, baba yake ana malori ya mizigo. Walikutana kwenye mdahalo wa shule, msichana akamshinda. Nikakaa nisome nione kama kuna uchafu. Wanashikana mikono, wanabusiana mara moja, basi. Nilipotazama saa ilikuwa saa saba usiku. Binti yangu amepiga mstari kwa kalamu nyekundu mahali pamoja tu: kijana anapokwenda kwao msichana mara ya kwanza, mama mtu anamkalisha kwenye mbuzi akune nazi, anajikwaruza kidole, wote wanacheka. Nyuma ya daftari kuna majina ya wasichana 11, yamepangwa kwa zamu. Baba yake, fundi seremala, anataka kulichoma. Anasema mtoto anafundishwa kudharau kwao na kufunguliwa mlango wa mvulana wa dini nyingine. Mimi nashona tu nyumbani, sijui vitabu. Kwa nini wanapenda hadithi za namna hii, na nifanye nini? Daftari liko chini ya godoro langu. Hajauliza, lakini namwona anatafuta."

Marahaba, dada yangu. Nianze na hiyo saa saba usiku, maana nusu ya jibu lako imo humo. Ulikaa kutafuta uchafu, katikati ukasahau ulichokuwa unatafuta. Mtu mzima, ana mume, ana nguo za wateja zinamngoja asubuhi, ameshindwa kuweka chini daftari lenye miandiko mitatu. Basi tusiwazungumzie hawa watoto kama watu walioshikwa na homa ambayo sisi haijawahi kutugusa.

Haya madaftari nayajua. Nimefundisha fasihi sekondari miaka mingi, na nusu ya miaka hiyo nilikuwa pia mwalimu wa malezi. Mwanzoni nilikuwa nayanyang'anya. Moja nililichana mbele ya darasa, nikajiona nimefanya kazi. Wiki mbili baadaye hadithi ileile ilikuwa inazunguka tena, imenakiliwa upya, mwandiko mzuri kuliko wa kwanza. Kilichopotea kabisa ni kitu kingine: wasichana wa darasa lile hawakuniletea swali lolote la maisha yao mpaka wanamaliza kidato cha nne. Nilipata karatasi zilizochanika, nikawapoteza wao.

Katika barua yako naona hofu tatu zimefungwa kwenye kanga moja. Unaogopa kwamba kusoma mapenzi ni dalili kwamba tayari ana mvulana. Mumeo anaogopa kwamba mtoto ataona nyumba yenu ni ya kimaskini, na kazi zenu ni za aibu. Kisha kuna dini. Nitazigusa zote, lakini kwanza unipe nafasi nijibu ulichouliza hasa: kwa nini hadithi za namna hii.

Chukua msichana na mvulana wanaokaa mtaa mmoja. Walisoma madrasa moja, baba zao wanacheza bao pamoja, mama zao ni wa kikoba kimoja. Wakapendana. Sasa nisimulie kinachofuata. Hakuna. Hapo hakuna hadithi, kuna posa. Hadithi ya mapenzi haiishi kwa mapenzi, inaishi kwa kizuizi. Ukiweka ukuta kati ya watu wawili, kila kitu kidogo kinapata uzito: kuazimana kalamu kunakuwa tukio, kupanda daladala moja kunakuwa safari, kumjua mama yake ni sawa na kuvuka mpaka. Mwandishi anayewaweka mmoja Mbagala na mwingine Mbezi Beach amejirahisishia nusu ya kazi. Kila wanapokutana tayari kuna gharama, na msomaji anataka kujua nani atalipa.

Lakini kizuizi kipo hata kwenye hadithi za wapelelezi, na binti yako hakunakili ya mpelelezi. Inabidi tuangalie umri wake.

Mtoto wa shule ya msingi, hasa hizi zetu za Kayumba, anaishi katika usawa fulani. Wote wamebeba fagio na ndoo, wote wamekaa watatu kwenye dawati la wawili. Akifika sekondari macho yanamfunguka kwa ghafla. Huyu ana hela ya kula kila siku, yule anasema ameshiba kumbe hana. Huyu analipiwa tuisheni, yule anarudi kukaa gengeni. Huyu wikiendi anakwenda kwa shangazi yake Dar na kurudi na nywele zimesukwa za bei. Mwenye miaka 15 anayaona haya yote kwa ukali kuliko mimi na wewe tuliokwisha kuyazoea, na hana mahali pa kuyasemea. Akimuuliza baba, "Kwa nini sisi hatuna?" atajibiwa kwa ukali au kwa huzuni, na majibu yote mawili yanauma. Hadithi inamruhusu kuliuliza swali hilo bila kumuuliza mtu. Wala haulizi tu nani ana hela. Anauliza kitu kigumu zaidi: mtu wa mbali, asiyenijua ukoo wala mtaa, akiniona mimi, ataona nini?

Hapo turudi kwenye mbuzi ya nazi.

Umeniambia kitu kikubwa pengine bila kujua. Daftari zima, na ndani yake kuna busu. Msichana wa miaka 15 mwenye kalamu nyekundu mkononi hakupiga mstari kwenye busu. Amepiga mstari pale mtoto wa tajiri alipoketishwa juu ya kibao, akashikishwa kifuu, akaambiwa kuna. Itazame picha hiyo taratibu. Huko nje kijana huyu ndiye anayejua kila kitu: anajua Kiingereza, anajua kuagiza chakula kwenye menyu, anajua viwanja vya ndege. Kavuka kizingiti cha nyumba ya mpika vitumbua, na mara hiyohiyo yeye ndiye asiyejua kitu. Hajui kukaa, hajui kuzungusha kifuu, anakwangua mpaka kidole. Mwenye elimu mle ndani ni mama mtu. Na msichana, ambaye nina hakika kurasa tano kabla alikuwa anakosa usingizi kwa kuona haya (hadithi hizi huwa hazikosi ukurasa wa kuona haya), anagundua kwamba mgeni hajaidharau nyumba yao. Kaidharau nazi tu, na nazi imemlipa.

Nimeona wasichana wengi ambao hawajawahi kumleta rafiki nyumbani. Wanaagana na wenzao kwenye kona, wanangoja wapotee, ndipo wanaingia uchochoro wao. Ukimwambia msichana wa namna hiyo "usidharau kwenu" unamwongezea mzigo, maana hadharau. Anaogopa kwenu kudharauliwa. Mimi sisomi mioyo, na binti yako simjui. Ila kwa mstari ule mwekundu, ningekuwa mumeo nisingesema mtoto anafundishwa kuikataa nyumba yake. Ningesema anatafuta namna ya kuipenda hata mgeni akiwepo.

Na usidhani wanaosoma ni wa upande mmoja tu wa ukuta. Watoto wa geti kali nao wanazimeza hadithi hizi. Nilikuwa na mwanafunzi akiletwa shule na dereva, naye alikuwa anarudia rudia sura moja ambayo ndani yake watu wanne wa familia wanalala chumba kimoja. Nikamuuliza pana utamu gani pale. Akanijibu: "Wanaongea mpaka wanalala." Mwenzake wa uswazi anaisoma sura hiyohiyo akitamani kuwa na chumba chake na kitasa.

Kuna wanaosema mambo haya yameletwa na simu na tamthilia za nje. Simu imerahisisha usambazaji, hilo kweli. Lakini Juliet, msichana wa mchezo wa kuigiza wa Mwingereza Shakespeare, zaidi ya miaka 400 iliyopita, hakuwa ametimiza hata miaka 14, na kisa chote kile cha yeye na Romeo kinaanza Jumapili na kumalizika Alhamisi. Halafu kuna jambo watu hulisahau: zile nyumba mbili zilikuwa sawa kwa heshima. Hakuna maskini pale. Kinachozitenganisha ni ugomvi wa zamani ambao mchezo mzima haukwambii ulianzaje. Ukuta unaweza kuwa wa kitu chochote, hata cha kipuuzi, na mara nyingi hadithi inataka tuuone huo upuuzi.

Wapo waandishi wanaoutumia mlango huu kwa makusudi mazito kabisa. Malorie Blackman wa Uingereza alitoa mwaka 2001 riwaya ya vijana iitwayo Noughts & Crosses. Ameipindua dunia: weusi ndio watawala, weupe ndio tabaka la chini. Msichana, Sephy, ni binti wa mwanasiasa mkubwa mweusi. Mvulana, Callum, ni mzungu ambaye mama yake alikuwa mtumishi nyumbani kwao. Mtoto anaingia kwenye kitabu kile akifuata mapenzi, akija kushtuka amekwisha kuelewa ubaguzi unavyouma kwa namna ambayo kipindi cha uraia saa nane mchana, jua kali na njaa, kisingeweza kumfundisha. Sisemi hadithi ya kaunta buku ina uzito huo. Nasema mlango ni uleule.

Sasa hofu yako ya kwanza: kusoma si kutenda, wala si ushahidi wa kutenda. Katika umri huu sehemu za ubongo zinazoamsha hisia zimekwisha kupamba moto, na zile za kupima, kusubiri na kuona matokeo zinaendelea kukomaa mpaka mtu anapita miaka ishirini. Hisia kubwa, breki changa. Hadithi ni mahali ambapo hisia hizo zinaweza kukimbia bila gari kumgonga mtu. Analia na msichana wa Mbagala, anakasirika kwa niaba yake, anafunga daftari, anakwenda kuosha vyombo. Wasichana 11 wanaopokezana daftari moja wanafanya zaidi ya kusoma: njiani wanabishana. Alifanya vizuri kumfuata kwao? Angekataa ile zawadi? Ubishi ule ni mazoezi ya kuamua, na wanayafanya kwa hasara ya mtu ambaye hayupo.

Je, inawezekana pia kuna mvulana? Inawezekana. Kwa miaka 15 inawezekana hata kwa mtoto ambaye hajasoma chochote zaidi ya kitabu cha biolojia.

Kuhusu moto wa baba. Watu wengi wanaamini kwamba mzazi akipinga, mapenzi ndiyo yanazidi. Imani hiyo ilipata nguvu mwaka 1972, Richard Driscoll na wenzake huko Marekani walipochapisha utafiti juu ya wapenzi na wazazi wanaoingilia, na jambo lenyewe likapewa jina la Romeo na Juliet. Mwaka 2014 Colleen Sinclair na wenzake waliurudia utafiti ule na hawakukiona kitu hicho. Walichokiona ni kinyume: mapenzi yanayokubaliwa na ndugu na marafiki ndiyo yanayostawi. Kwa hiyo mumeo asikate tamaa. Neno la mzazi lina uzito kuliko wazazi wenyewe wanavyodhani.

Ila neno na kiberiti ni vitu viwili. Mwanasaikolojia Jack Brehm aliandika mwaka 1966 juu ya kile kinachotupata tukinyang'anywa uhuru tuliokuwa nao: kitu kilichochukuliwa kinapanda thamani ghafla, na mtu anatafuta njia ya kukirudisha. Kila mwenye mtoto aliyewahi kuficha sukari anajua. Baba akisema, "Mimi sipendi hiki, na sababu yangu ni hii," ametoa maoni, na binti atayabeba hata akinuna. Akichoma, ametoa moshi. Binti hatajua baba yake anaamini nini. Atajua tu kwamba nyumba hii si salama kwa vitu vyake.

Euphrase Kezilahabi alituonyesha jambo hili mwaka 1971 katika riwaya yake Rosa Mistika. Zakaria anampiga binti yake, Rosa, kwa sababu ya barua ya mvulana. Rosa anakua akiwaogopa wanaume, na siku anapokuwa mbali na fimbo ya baba hana kipimo chochote ndani yake cha kumsaidia. Kitabu kile kilipigwa marufuku shuleni kwa muda, baadaye kikaja kufundishwa. Nimekifundisha mara nyingi, na kila darasa kuna msichana anayeuliza: kwa nini hakuna aliyekaa naye akamwambia? Si ubaya wa Zakaria wanaoushangaa. Wanashangaa ule ukimya.

Sasa ya dini, na hapa sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nchi hii imejaa familia zenye bibi wa kanisani na mjomba wa msikitini, na zinaishi. Nimeona pia ndoa za namna hiyo zilizogharimu undugu kwa miaka. Imani ya nyumba yako ni yenu, na una haki, bali wajibu, kumweleza binti yako mnaamini nini juu ya ndoa na kwa nini. Mweleze wewe kabla hajaelezwa na hadithi. Lakini usimhukumu kwa makosa ya msichana wa kwenye daftari, hakumwandika yeye. Na kuna jambo nimeliona likirudia: wazazi wanalinda mlango wa mbele dhidi ya mvulana wa dini nyingine, mlango wa nyuma wameuacha wazi kwa mtu mzima wa dini yao wenyewe, anayeheshimika, anayeingia na kutoka. Hatari kwa mtoto wa miaka 15 haitembei na cheti cha ubatizo wala kofia ya kiua. Kanuni ya nyumba iwe moja kwa mvulana yeyote: shule kwanza, hakuna kukaa faraghani, na mzazi anajua uko wapi.

Nikikwambia hadithi zote ni salama nitakuwa mwongo. Nimesoma nyingi zinazouzwa kwa vipande kwenye simu, zile za "sehemu ya 34, usikose", na baadhi zilinitia kichefuchefu. Kijana wa miaka 17 anageuka kimyakimya kuwa bosi wa miaka 28 mwenye gari nyeusi. Anapekua simu ya msichana, anamkataza marafiki, anampiga kofi sura ya kumi, sura ya kumi na moja anamnunulia simu mpya, na mwandishi anaita hayo yote wivu wa mapenzi. Pale tofauti ya mali imeacha kuwa ukuta wa kuvukwa na wawili, imekuwa bei.

Mimi nina kipimo changu, si cha kitaalamu sana lakini hakijanitupa: mtafute mama mtu. Kwenye hadithi mbovu mama wa msichana anatoweka mapema. Anaugua, anakufa, au anahamishiwa jumba la mkwe na kukaa kimya kwenye sofa. Msichana "anaokolewa" kutoka kwao kama mtu aliyetolewa kisimani. Kwenye hadithi yenye afya mama yupo mpaka mwisho, ana maneno, ana makosa, na kijana wa kitajiri naye kuna kitu analazimika kukijifunza. Ya binti yako ina mdahalo ambao msichana anashinda, na ina mama mwenye mbuzi. Umri wao umepishana mwaka mmoja. Kwa ulichonieleza, sioni cha kukutoa jasho. Wewe uliyefika saa saba usiku utakuwa unajua kama mama bado yupo mwishoni.

Swali ambalo ningelifuatilia kwa makini zaidi ni hili: imenakiliwa kutoka simu ya nani? Hadithi hizi mara nyingi zinauzwa kwenye magrupu ya WhatsApp, mtoto anatuma hela kidogo na kuunganishwa, na namba yake inaonekana na watu ambao hakuna anayewajua. Mwandishi anaweza kuwa kijana mwema anayetafuta riziki. Aliyeko kwenye grupu anayemtumia mtoto ujumbe wa pembeni saa tano usiku ni habari nyingine. Hilo liulize waziwazi, bila kuzunguka.

Ninavyoona mimi una njia tatu. Ya kuchoma tumeimaliza. Ya pili ni kulirudisha kimya na kujifanya hujaona. Haina madhara makubwa, lakini yeye anajua limepotea, na likirudi lenyewe atajua umesoma na umeamua kutosema. Ukimya ule wa Zakaria. Ya tatu, ninayokushauri, ni kulirudisha mkononi mwake na kusema ulilisoma. Mzazi wa kwetu haombi radhi kwa mtoto kirahisi, wala sikudai uombe. Sema tu: nililikuta nikifua, nikasoma, nikapitiliza mpaka usiku wa manane. Ukiri huo peke yake utafungua mdomo wake kuliko mihadhara kumi.

Usimkalishe kitini mkitazamana kama baraza la kata. Wakati mwafaka ni mikono ikiwa na kazi. Na kazi yenyewe umeshaoneshwa: siku ya wali wa nazi, yeye juu ya mbuzi, wewe unachambua mchele. Usianze na "Una mvulana?" Hilo lina jibu moja tu, na unalijua. Muulize kama yule kijana alimaliza nazi nzima au walimhurumia. Muulize mwandiko upi kati ya mitatu ni wake. Muulize, angekuwa yeye, angemleta rafiki hapa nyumbani? Kisha unyamaze, na hapo ndipo wazazi wengi tunashindwa. Acha kimya kikae hata kama nazi inaisha.

Kuna utafiti wa Italia, wa Loris Vezzali na wenzake, uliochapishwa 2015. Watoto wa shule ya msingi walisomewa vipande vya Harry Potter, hadithi za mvulana mchawi, vinavyohusu kubaguana, katika vikundi vidogo, wakivijadili na mtu mzima. Wale waliojiona kama Harry mwenyewe walibadilisha mtazamo wao juu ya wahamiaji kwa uzuri. Ninachokiokota mimi pale ni yule mtu mzima wa kujadili naye. Hakuna aliyewaachia kitabu na kuondoka.

Mumeo naye apewe ukurasa mmoja asome, ule wenye mstari mwekundu. Asilazimishwe kuupenda. Akiisha, amwambie binti yake mwenyewe anachohofia, kwa mdomo, daftari likiwa zima mezani.

Masomo yana haki yake pia. Kidato cha pili kina upimaji wa kitaifa mwisho wa mwaka, na asiyefikia kiwango hukariri. Hadithi isomwe baada ya kazi za shule, na taa izimwe kwa saa mnayokubaliana. Akianza kuporomoka darasani au kusinzia kila siku, zungumza na mwalimu wake wa malezi. Huenda tatizo si hadithi kabisa.

Kuna dalili ambazo ukiziona usiniandikie mimi wala mtu yeyote wa mbali. Simu au hela isiyo na maelezo. Kuchelewa kurudi, kila siku na sababu mpya. Kushtuka na kuficha ujumbe ukiingia, kuogopa mtu fulani, kukwepa njia fulani. Nenda kwa mwalimu wa malezi, kwa afisa ustawi wa jamii, au Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi. Namba 116 ya simu kwa mtoto hupigwa bure, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Kwa marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016, anayempa mimba au kumwoa mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba hayo "tuyamalize kifamilia". Na ukimwona amejifungia, hali, halali, hacheki wiki mbili mfululizo, au anataja kufa hata kwa utani, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Kwa sasa una mtoto anayetafuta daftari. Lifute vumbi la chini ya godoro, usiong'oe ukurasa, usiongeze neno lako pembeni hata kama kidole kinawasha. Na umrudishie kabla ya Jumatatu. Kwenye ile orodha ya majina 11 kuna msichana ambaye zamu yake imepita tangu wiki iliyopita, hajui kidole cha yule kijana kimeponaje.